Mashahidi wa Mashine ya Baba

Mashine ya baba ilikuwa na kelele. Si kelele hizi za kawaida. Ulikuwa ukizungusha ule mkono wake wa chuma pale karakana kwetu, kuku wa Ilongero nzima wanaahirisha kutaga, na mtu aliyeko Singida mjini anasimamisha bodaboda yake kuuliza kuna nini. Ndivyo nilivyokuwa nikiwasimulia wenzangu kwenye masomo ya jioni, huko nilikomalizia kidato cha nne nikiwa mama wa watoto wawili, na mwalimu alikuwa akiniambia, "Dada, punguza chumvi." Haya, nimepunguza. Ilikuwa na kelele.

Ilikuwa mashine ya kukamua alizeti. Zile za mkono zilizokuwepo kabla yake zilikuwa na ugonjwa mmoja: mafuta yakishatoka, mashudu yanabaki ndani ya silinda, yamebanwa na kushikamana kama saruji. Lazima uyagonge kwa mtaimbo ndipo yatoke. Mwanamke anakamua kidogo, anagonga sana, anakamua tena kidogo, jioni mikono haiwezi hata kushika mwiko. Mama yangu alipondeka kidole kwa namna hiyo. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyokaa kizingitini amekifunga kile kidole kwa pindo la khanga, halii, anaitazama tu ile mashine kama anayemtazama mbwa wa watu aliyemng'ata.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, vitanda vya chuma ambavyo tembo angeweza kulalia na mkewe. Alikitazama kile kidole, akaingia karakana. Akakaa humo msimu mzima. Chakula tulikuwa tunampelekea kama mfungwa.

Alichokipata ni hiki. Aliipasua silinda katikati kwa urefu, akaziunga pande zake mbili kwa bawaba kama mlango, halafu akaweka wenzo wa kuzibana wakati wa kukamua na kuziachia kazi ikiisha. Unavuta wenzo, silinda inafunguka, mashudu yanadondoka yenyewe, kipande kizima, kama tofali linavyotoka kwenye kalibu. Hakuna mtaimbo. Hakuna kidole cha mtu. Akatengeneza ndogo ya kuweka jikoni, mama wa nyumbani akamue mafuta ya wiki yake, halafu akatengeneza kubwa ya karakana ya kuzungushwa na watu wawili, ambayo baadaye aliifungia mota. Watu wakaiita Kinywa, kwa jinsi ilivyofunguka.

Kwetu kitu kipya hakifichwi. Ukinunua fahali mpya unampitisha kwa majirani wamwone. Ukijenga nyumba, watu wanakula ndani yake kabla hujalala wewe. Kwa hiyo siku Kinywa kilipokubali, mama alipika pombe ya mtama, baba akaita kijiji. Baada ya mama, mtu wa kwanza kuushika ule mkono na kuuzungusha alikuwa mzee wa nyumba ya pili, aliyeingia jando pamoja na baba. Baba alimwita Jirani na yeye alimwita baba Fundi, hivyo na mimi nitamwita Jirani hapa. Alikuwa Mwislamu, sisi Wakatoliki. Pombe hakugusa, alipewa uji, lakini kwa maneno siku ile alilewa kuliko wote.

"Fundi," alisema akiwa ameshika kipande cha mashudu juu kama aliyepata samaki, "hiki nimekiona. Nimekiona kikitoka. Mtu asije akaniambia hakikutoka."

Nikueleze kuhusu mzee huyu na kuona kwake. Alikuwa shahidi. Si kwa cheo, hakuna aliyemteua, ila ukigombana na mwenzio kuhusu mpaka wa shamba, hakuna mtu mwingine wa kumwendea. Baraza likikaa, anasimama, anaegemea fimbo, anaanza: "Shamba hili nimeliona likilimwa na babu yake huyu. Mnyaa ule wa kona uliota kutoka kwenye fito aliyoichomeka marehemu shangazi yake, mwaka ule mvua ya mawe ilipoua mbuzi wa mchungaji. Mbuzi wale walikuwa weusi." Akishafika kwenye rangi ya mbuzi, kesi imekwisha. Aliyeshindwa anamsalimia mwenzake na wote wanaondoka. Kwetu mali ya mtu inathibitishwa hivyo: uwe umeitumia miaka mingi, peupe, na watu waseme tuliona.

Basi Kinywa kilitumika peupe. Wanawake waliazima kile kidogo mpaka mama akawa anakitafuta nyumba kwa nyumba kama mtoto mtukutu. Mafundi walikuja kutoka Ikungi, wengine wakaja na treni kutoka Itigi, wanateremka, wanapanda magari, wanafika kwetu wamejaa vumbi hadi kwenye meno, na baba anawakatia vipimo vya silinda na bawaba kwenye maboksi ya katoni, wanakunja, wanaondoka navyo. Mama aliwahi kumuuliza kwa nini asiwauzie. Baba akasema, "Mikono yangu ni miwili. Vidole vya wanawake wa mkoa huu ni vingi."

Mama alifariki kabla ya ile mashine ya bluu kuja, na kwa hilo nashukuru.

Ile ya bluu ilikuja mnadani juu ya lori. Imepakwa rangi ikang'aa, ubavuni ina nembo ya kichwa cha simba, na mwenye nayo ni mfanyabiashara mkubwa wa mbali ambaye hatujawahi kumwona. Ilikuwa na silinda iliyopasuliwa kwa urefu. Ilikuwa na bawaba. Ilikuwa na wenzo. Nilikuwa na baba siku hiyo, nimemshika mkono, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kwenda. Miaka yote alichomelea kwa miwani ya jua ya kununua sokoni, na mara nyingine hata hiyo hakuivaa, alifumba jicho moja tu.

Aliishika ile mashine kwa vidole, polepole, kama mtu anayepapasa uso. Kijana aliyekuwa akiiuza alimtambua, maana nani hakumjua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimeiona ya kwako pale njiani. Hongera, umeiiga vizuri. Ila bawaba zako, mzee wangu, bado kidogo."

Hakuwa na ubaya wowote yule kijana. Alikuwa anasifu. Watu wawili watatu pembeni wakacheka, kicheko cha mnadani cha bure tu, na mmoja akasema, "Wazee wetu nao kwa kuiga hawajambo." Baba alisema asante. Tukarudi nyumbani, akaomba maji, akanawa mikono, akanawa, akanawa, mpaka nikamwondolea beseni.

Ni mimi niliyemwambia habari ya hataza. Tulifundishwa darasani: kwamba mtu akivumbua chombo, kiwe cha kiwandani au cha jikoni, dola inaweza kumpa haki inayosema hiki ni chake, na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Nilimweleza baba kwa madaha yote ya mwanafunzi wa jioni, nikisimama katikati ya chumba kama mbunge. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na mwenye hiyo hataza, akipita mnadani, mtu anaweza kumwambia ameiga?"

"Hawezi, baba."

"Basi naitaka."

"Mwenye mashine ya bluu itabidi akulipe."

"Asinilipe. Mimi naitaka kwa ajili ya hayo maneno ya mnadani."

Hicho ndicho alichokitaka, wala hakikuongezeka. Macho yalikuwa yanakwenda, mke ameshakwenda, na kitu pekee alichokitengeneza kikabaki duniani kilikuwa kinaitwa cha mtu mwingine. Alitaka kiitwe chake kabla hajawa kipofu kabisa.

Haukupita muda mrefu, tukasikia redioni kwamba wataalamu wa usajili watakuja Singida mjini, watakaa ukumbini siku nzima kuwasikiliza wabunifu. Baba akamwita Jirani. Nilikuwa napika, nawasikia.

"Watauliza nini?" Jirani akasema.

"Binti anasema watauliza kama ni yangu kweli."

"Ahaa. Basi hii ni kesi ya mpaka." Nikasikia fimbo inagonga sakafu. "Fundi, kesi hii umeshashinda. Wewe lala. Mashahidi niachie mimi."

Wiki ile yote Jirani alikuwa jenerali. Alipita kila nyumba iliyowahi kukamulia kwetu. Alimfuata fundi mmoja wa Ikungi, akaja naye kwa nguvu ya maneno matupu. Aliwakusanya wanawake chini ya kibanda cha karakana na kuwafanyisha mazoezi.

"Wewe, ulikamua lini mara ya kwanza?"

"Zamani."

"Zamani siyo ushahidi, mama. Zamani hata shetani alikuwepo. Sema ulikuwa na mimba ya nani."

"Ya huyu wa tatu, aliyeolewa Manyoni."

"Ndiyo hiyo. Sema hivyo hivyo. Na useme uliiona kwa macho yako, na ulikuwa na nani."

Siku ikafika. Tulikodi gari la wazi. Kinywa kikubwa kilifungwa kamba katikati, kimepakwa mafuta kiking'aa kama bwana harusi, na kukizunguka wakakaa mashahidi, wanawake wamevaa vitenge vya sikukuu, wazee wamevaa makoti yenye harufu ya sanduku. Nikisema gari zima lilikuwa linaimba njia nzima mpaka injini ikaona aibu na kunyamaza, usiniulize maswali. Upepo wa Singida ulitupiga vumbi, hakuna aliyejali. Baba alikaa mbele na dereva. Nilimwona kwa kioo cha nyuma anatabasamu peke yake, macho yamefumbwa.

Mtaalamu aliyetupokea alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole, sauti ya chini. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na hilo likampandisha cheo papo hapo. Mashine ilishushwa, ikakamua mbele yake, mashudu yakadondoka. Alifurahi kweli. Alivuta ule wenzo mwenyewe mara kadhaa, akafunga, akafungua.

"Mzee, hii ni kazi nzuri sana. Umebuni mwenyewe?"

Kabla baba hajafungua mdomo, Jirani alishasimama.

"Mama, naomba nitoe ushahidi."

Mtaalamu akacheka kidogo. "Karibu mzee."

Jamani. Nimemsikia mzee yule kwenye mabaraza mengi, lakini siku ile alipaa. Alieleza msimu baba aliojifungia, alieleza kidole cha mama na rangi ya khanga iliyokifunga. Alieleza siku ya pombe na nani walikuwepo, akiwataja walio hai na waliokufa, na kwamba yeye ndiye mwanamume wa kwanza aliyeuzungusha mkono baada ya mwenyewe. Wabunifu wengine waliacha vitu vyao wakasogea.

Mtaalamu alikuwa anaandika. Akauliza, "Kwa hiyo tangu wakati huo mashine imekuwa ikitumika?"

"Kila msimu, mama. Hapa nyuma yangu wapo waliokamulia wakiwa wasichana, sasa ni bibi."

Wanawake wakaitikia. Mmoja akatoa habari ya mimba yake bila kuulizwa.

"Hadharani? Kila mtu aliiona?"

"Nani hakuiona? Ilifichwa wapi, chini ya kitanda?" Watu wakacheka. "Mama, hata mafundi waliiona. Huyu hapa katoka Ikungi. Fundi wetu aliwapa vipimo kwa mikono yake, bure, wakaenda kutengeneza za kwao. Huyu si mtu wa kuficha."

"Nilipewa, ndiyo," alisema wa Ikungi, amejaa fahari. "Na niliwapa wengine."

Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona kalamu ya yule mwanamke imesimama. Haikuanguka, haikufanya kitu, ilisimama tu juu ya karatasi. Akamtazama baba. Kisha akaomba kuzungumza naye pembeni, na mimi nikiwa macho yake nikaenda naye.

Alitueleza taratibu. Hataza hupewa kitu ambacho bado hakijajulikana kwa watu. Kikishatumika hadharani miaka yote hiyo, vipimo vikishagawiwa, sheria inasema kimeshakuwa cha umma. Kadiri mashahidi wanavyokuwa wengi, na kadiri wanavyokumbuka mbali, ndivyo mlango unavyozidi kufungwa.

"Ulitakiwa uje kabla hujaionyesha kwa watu, mzee."

Baba aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mashine yenye hitilafu.

"Mama, kabla sijaionyesha kwa watu, ningejuaje kama inafanya kazi?"

Mtaalamu alifunga kalamu yake.

"Na yule wa bluu, yeye anayo?"

"Hana. Na hawezi kuipata. Ile nembo ni jina lake la biashara tu, mashine yenyewe si yake."

"Si yake."

"Si ya mtu yeyote, mzee. Ni ya watu wote."

Akasema pia, na nilimwona anatafuta neno la kufariji, kwamba kama baba angebuni kitu kingine kipya, basi asimwonyeshe mtu, aje moja kwa moja. Baba akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti yake, na nadhani wakati huo ndipo mwanamke yule alipogundua kwamba mzee hamwoni. Akamshika mkono wa kuagana akauchelewesha.

Tulipotoka nje mashahidi walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha gari wanakula miwa. Wote walisimama.

"Vipi, Fundi?" Jirani akauliza.

Baba alisimama pale juani. Nilihisi vidole vyake kwenye kiwiko changu. Mbele yetu walikuwepo watu waliofunga nyumba zao wakaja kumsemea kwa yote waliyokuwa nayo, na huyu mmoja ambaye alikuwa bado anahema kwa ule ushahidi.

"Wameandika," baba akasema.

"Wameandika?"

"Yote uliyosema. Wameandika."

Vigelegele vilivyopigwa pale, wenye maduka walitoka nje kuangalia. Njia nzima waliimba tena, na safari hii waliimba jina la mashine. Baba alikaa mbele, na mimi kando yake. Tulipokaribia kufika akaniambia bila kugeuka, "Usiwaambie. Hasa Jirani."

Tukaishi hivyo msimu mmoja, labda na zaidi. Baba akawa mwenye hataza. Akipita mnadani, Jirani yuko pembeni anatangaza, na kwa muda hakuna aliyemwambia ameiga. Ningependa kusema alifurahia. Alikuwa anatabasamu pale palipohitaji tabasamu. Nyumbani alikaa na kile Kinywa kidogo cha mama mapajani, anafungua, anafunga, na macho yakamalizika kabisa katika kipindi hicho.

Halafu mwenye mashine za bluu akafungua duka la kuuza na kukamulia Ilongero yenyewe. Ukuta wa bluu, simba mkubwa mlangoni. Jirani alikuja kwetu asubuhi hiyo hajapiga hata hodi, nami nilikuwa namtia baba dawa ya macho.

"Fundi, mwizi ameingia ndani ya mpaka."

"Nimesikia."

"Nimeshaongea na wale wote. Wako tayari. Twende mjini kesho, tukatoe ushahidi tena, aondolewe. Hataza si unayo?"

Nilishika ile chupa ya dawa nikamtazama baba. Nilifikiri sasa atasema. Kulikuwa na njia ya kusema bila kuumiza, nilishaitunga kichwani mara nyingi. Baba akajifuta shavu kwa kiganja.

"Mwache, Jirani."

"Nimwache vipi?"

"Tumeelewana naye."

Kuku wakapita mlangoni, nakumbuka.

"Mmeelewana," Jirani akasema. "Lini?"

"Juzi juzi."

"Mbele ya nani?"

Baba akaipapasa ile chupa ya dawa mkononi mwangu.

"Nauliza mbele ya nani, Fundi. Mimi nilikuwa wapi? Wale wanawake walikuwa wapi? Tumepanda gari kama mbuzi, tumesimama mbele za wasomi tukasema ni yako, ni yako, tumemtaja mpaka marehemu mkeo na kidole chake. Halafu unakwenda kuuza kimya kimya?"

"Sikusema nimeuza."

"Umesema mmeelewana. Mimi si mtoto."

Baba alikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa wazi kama mlango. Akasema, "Basi ndivyo ilivyo."

Jirani aliokota fimbo yake. Kwenye kizingiti alisema jambo kwa Kinyaturu, maneno wanayoambiana walioingia jando pamoja wakiachana njia, ambayo sitayaandika. Akaondoka.

Nilimlilia baba siku ile. Nilimwambia acha nimfuate, acha nimweleze sheria ilivyo, ataelewa, si kosa lake.

"Utamwambia nini? Kwamba ulimi wake ndio uliofunga ule mlango?"

"Si yeye. Ni sheria."

"Akienda barazani akisimama, atakumbuka hilo. Hatasema tena. Yule ana nini kingine zaidi ya kuona na kusema? Ng'ombe wake wamekwisha, watoto wake wako Dar. Mimi nimekosa mashine tu, mwanangu."

Lakini hakuwa amekosa mashine tu, na alijua. Kila alasiri alikaa kwenye benchi la karakana, upande ule ambao njia ya Jirani hupita. Alimtambua kwa fimbo. Ile fimbo ikisikika mbali, baba ananyoosha mgongo, anageuza uso. Fimbo inakaribia, inafika usawa wetu, inapita. Shingo ya baba inaifuata mpaka inapotelea. Kisha anaomba maji. Na habari ilishaenea, na mnadani sasa ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza: Fundi alikuwa na kitu chake, akakiuza kwa wageni. Afadhali walipomwita mwigaji.

Alikufa kwa homa ya mapafu, kipindi cha upepo, kwa siku chache tu kana kwamba ana mahali anawahi.

Kwenye mazishi watu walikuwa wengi, hapo sihitaji chumvi. Mafundi walitoka Itigi, wanawake walikuja na vidole vyao vyote. Katekista alipomaliza, akauliza kama yupo wa kumsemea marehemu. Kila mtu aligeuka kumtafuta mmoja. Mazishi yote ya kijiji chetu, awe Mkristo awe Mwislamu, mtu huyo ndiye husimama akaeleza marehemu alizaliwa msimu gani, alijenga nini, alitengeneza nini, na nani waliona. Jirani alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na minyaa. Watu wakamfungulia njia.

Hakusogea. Akiwa pale pale alisema, "Nilimfahamu."

Tukasubiri.

"Nilimfahamu," akarudia, na akavaa kofia yake.

Hakuna aliyesema kuhusu mashine. Mimi nilikuwa mwanawe, na ushahidi wa mtoto kwa baba yake kwetu hauhesabiki. Tulimfukia kama mtu ambaye hakutengeneza kitu.

Karakana ninayo mimi sasa. Ninachomelea kidogo, nakamulia watu kwa Kinywa kikubwa, kwa wale wasiopenda foleni ya bluu. Msimu huu uliopita Jirani alikuja. Amezeeka mno, gunia lake la alizeti lilibebwa na mjukuu wake wa kike, ambaye alilitua na kwenda kumsubiri barabarani na simu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Duka la kule lina umeme mbovu leo," akasema, kama anayejitetea.

Nikakamua. Hatukuongea, na kwa kelele ile tungeongea nini. Nilipozima mota, kabla sijaufikia wenzo, akaunyoosha mkono wake akauvuta mwenyewe. Silinda ikafunguka. Mashudu yakadondoka. Alisimama akiitazama ile bawaba muda mrefu.

"Hii mwanzoni aliiweka juu," akasema. "Ikawa inajiachia. Mama yako ndiye aliyemwambia iweke ubavuni. Alikuwa ameshika ungo. Walibishana mpaka giza."

Hilo sikuwa nalijua. Hakuna mtu hai aliyekuwa analijua isipokuwa yeye. Nilitaka aendelee. Nilitaka aseme yote pale pale, rangi ya ungo, mwezi gani, nani walipita njiani. Nilisogea karibu nikasema, "Na baba akasema nini?"

Kwa sekunde moja nilimwona yule wa barazani, bega limeinuka, fimbo imetafuta pa kuegemea. Kisha likashuka.

"Alikuwa na kichwa, baba yako. Basi tu. Asingemuuzia yule."

Maneno yalinijaa mdomoni. Nikaokota dumu lake, nikamjazia mafuta, nikafunga kifuniko nikakikaza kuliko inavyohitajika. Alilipokea, akamwita mjukuu wake.

"Karibu tena, mzee," nikasema.

Aliinua fimbo kidogo, hakugeuka.